Golikipa wa Machi

Jumamosi, 1 Machi

Mechi za baridi za mpira wa magongo wa barafuni zimekwisha leo. Tumemaliza wa kwanza. Norquist yote inajua ni kwa sababu ya Cornelius Fehr, golikipa wetu, mfugaji wa nguruwe, mtu mkimya mwenye mabega kama mlango wa ghala. Ametangazwa golikipa bora wa ligi kwa mara nyingine. Wamempa saa ya ukutani. Watu wamempigia makofi ya adabu, kama yale anayopigiwa mchungaji akimaliza matangazo. Nyuma yangu Mzee Orest Hryciuk akasema tusubiri mchujo, zile mechi za Machi za kugombea kombe.

Tusubiri mchujo. Hiyo ndiyo sala ya mji huu. Golikipa anaweza kuzuia kila kisahani, kile kipande cha mpira mgumu tunachokipiga kwa magongo, kuanzia theluji ya kwanza. Machi ikiingia, yote yanafutwa kama chaki ubaoni. Na Fehr na Machi hawapatani. Mwaka juzi alifungwa kutoka katikati ya uwanja, kisahani kikidundadunda juu ya barafu kama chura. Mwaka jana kilimpiga mgongoni kikaingia chenyewe. Tangu hapo jina lake mjini ni Chujio. Chujio la Mchujo. Watoto wameshalitungia wimbo.

Mimi ni golikipa wa akiba. Kazi yangu siku ya mechi ni kufungua kilango cha benchi wenzangu wakiingia na kukifunga wakitoka. Siku nyingine nauza vipuri vya matrekta. Leo, nikiwa nimeshika kitasa cha kile kilango, nimepata wazo lililonifanya nisahau kukifungua. Beki wetu Kirby Lozinski akaruka ukingo na kuangukia tumbo.

Wazo lenyewe: miaka yote niliyokaa benchi wakati wa mchujo, nimefungwa mabao mangapi? Hakuna. Hata moja. Nitajieni golikipa mwingine jimbo zima la Saskatchewan mwenye rekodi hiyo.

Nimemweleza mke wangu Noreen wakati wa chakula. Amesema hata jokofu letu halijafungwa bao kwenye mchujo. Noreen hana jicho la michezo.

Fainali ni mechi tatu na Hallam Creek, watu wa mji wa jirani, watu wabaya. Atakayeshinda mbili anachukua kombe. Nimeamua. Mwaka huu golini nasimama mimi.


Jumatatu, 3 Machi

Fitina imeanza. Asubuhi nimepita mgahawani ambapo wazee hukaa na kahawa zao. Nimekaa karibu na Mzee Orest, nimekoroga kahawa kwa huzuni, nikasema kwa sauti ya chini kwamba nimemwona Fehr akishika kikombe na mikono ilikuwa inatetemeka. Basi. Sikuongeza neno. Mtu mwenye akili hatii chumvi mara mbili.

Mzee Orest alifurahi kama mtu aliyeletewa mjukuu. Nilipofika kazini habari ilikuwa imenitangulia: Fehr ana ugonjwa wa neva. Mchana mteja mmoja aliyekuja kununua mkanda wa feni akanieleza kwamba Fehr anauza nguruwe wote na kuhamia Manitoba. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Mambo yanakwenda vizuri.

Jioni Noreen amerudi kutoka nyumba ya wazee anakofanya kazi. Ameniuliza kama ni kweli nina ugonjwa wa kutetemeka na nimewaficha watu. Vikongwe wa ghorofa ya pili wameshaniombea. Mmoja amenifumia soksi.

Sijui habari iligeukia wapi njiani. Soksi zina joto zuri.


Jumatano, 5 Machi

Mji ukishindwa kusikia kwa minong'ono, utasikia kwa redio. Trudy Wasyliw ana kipindi chake baada ya habari za mchana, watu wanapiga simu na kusema lolote. Nimejifungia stoo ya vipuri nikapiga. Nimejiita Gaston, mkulima Mfaransa kutoka upande wa kaskazini. Nilikuwa nakwaruza kila r kooni mpaka koo likaniuma.

Gaston alisema haya: kwamba mji wa Norquist unamwabudu golikipa wa Januari ilhali kombe linatolewa Machi. Kwamba huko kaskazini wanasikia kuna golikipa mwingine, wa akiba, mwepesi kama paka, ambaye hajawahi kufungwa kwenye mchujo. Trudy akauliza paka huyo anaitwa nani. Gaston akajifanya kukumbuka kwa taabu. Halushka, akasema. Nadhani ni Mervin Halushka.

Hapo bosi wangu akafungua mlango wa stoo na kuuliza kwa sauti ya kuita ng'ombe: Mervin, ile pampu ya maji ya mteja umeipata au hujaipata?

Nikaziba simu kwa kiganja. Nilichelewa.

"Ahsante, Gaston," Trudy akasema. "Msalimie Noreen. Na itafute hiyo pampu, mteja anasubiri."

Tangu mchana kila anayeingia dukani ananiamkia kwa Kifaransa. Hata mchungaji.


Jumamosi, 8 Machi

Mechi ya kwanza, uwanjani kwetu. Tumepigwa 4–1.

Niseme ukweli, kwa kuwa shajara haisomwi na mtu: Fehr hakuwa na kosa. Bao la kwanza lilimgonga Lozinski kwenye kalio likabadili njia. La pili mabeki wetu wote walikuwa wamelala kifudifudi kama watu wanaotafuta sarafu. La tatu sikuliona, nilikuwa nafungua kilango. La nne liliingia kwenye goli tupu, kocha alipomtoa Fehr ili tuongeze mshambuliaji.

Mji umeshatoa hukumu kabla ya taa za uwanja kuzimwa. Chujio. Mzee Orest alikuwa anaeleza pale kwenye ngazi kwamba ameona hofu machoni mwa Fehr. Fehr huvaa barakoa. Mzee Orest hukaa safu ya mwisho, na mwaka jana alimpungia mkono mlingoti akidhani ni shemeji yake.

Nje, mtu alikuwa ametundika chujio la jikoni kwenye kioo cha pembeni cha pikapu ya Fehr. Watu walisimama mbali kidogo na magari yao yakiunguruma, wakisubiri kuona atafanya nini. Fehr akalitundua taratibu, akaligeuza huku na huku, akaliweka kitini. Akasema lililopo nyumbani limetoboka.

Nilicheka pamoja na wengine. Njiani kicheko kilikwama kidogo. Baridi ilikuwa kali mno.


Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Kocha Arvid Stenquist baada ya ibada. Kocha anamiliki nyumba ya mazishi, na miaka ya kazi imemfanya aongee na kila mtu kama aliyefiwa. Alinikaribisha kwenye kiti laini. Karibu yangu kulikuwa na kiboksi cha karatasi za kufutia machozi.

Nimemweleza wazi. Nimemwambia golikipa hupimwa kwa mchujo, na huo si msemo wangu, ni wa mji mzima, naye mwenyewe amewahi kuusema. Sasa tupime. Fehr kwenye mchujo ana mabao ya kujaza ghala. Mimi sina hata moja.

"Mervin, ndugu yangu," akasema polepole. "Hujafungwa kwa sababu hujacheza."

Nimemwambia rekodi ni rekodi, haina kwa sababu.

Akanishika bega na kusema anaelewa huu ni wakati mgumu. Nikajikuta niko nje nimeshika karatasi ya machozi. Nikakumbuka kwamba sikupewa jibu. Mtu huyu angekuwa mwanasiasa.


Jumatatu, 10 Machi

Leo nimebuni kitu cha hatari. Huwezi kumvunja Fehr kwa matusi, ameyazoea. Kwa hiyo nitamvunja kwa faraja. Nimechukua keki ya tufaha aliyooka Noreen kwa ajili ya mkutano wake, nimeendesha gari hadi shambani kwa Fehr, nikiwa na nia ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nimemkuta bandani. Nguruwe jike alikuwa anazaa na Fehr alikuwa amepiga magoti kwenye majani, mikono imefunuliwa hadi mabegani. Akaniomba radhi kwamba hawezi kunipa mkono. Nikakaa juu ya ndoo na kuanza kumfariji. Nikamwambia asilifikirie kabisa lile bao la kutoka katikati ya uwanja, lile lililodunda kama chura. Wala lile la mgongoni. Wala asifikirie kwamba Hallam Creek wametengeneza fulana zenye picha ya chujio. Wala asisikilize wanaosema mikono inamtetemeka. Nilitaja kila kitu. Kila nilipotaja nilisema pole.

Fehr alisikiliza bila kuinua kichwa. Akanikabidhi kitoto cha nguruwe, kimelowa, kinapiga kelele kwenye shati langu. Akaniambia nikisugue na taulo. Nikasugua. Kilipoanza kupumua vizuri Fehr akainuka, akajifuta, akanitazama muda mrefu. Nikajua sasa ameiva. Sasa atalia.

"Merv," akasema, "watu wote wananisema nikishapita. Wewe ndiye wa kwanza kuja kunitajia yote mbele ya uso wangu."

Nikasema si kitu.

"Ni kitu. Nilikuwa nadhani nikiyasikia yote pamoja nitaanguka. Nimeyasikia. Na nguruwe anaendelea kuzaa."

Kisha akanieleza kwamba binti yake, Anneliese, ameacha kupanda basi la shule. Wenzake wanamwimbia ule wimbo. Wiki iliyopita alimwomba baba yake aache kudaka, si kwa aibu, alisema, ila kwa sababu hapendi kumwona akitapika kabla ya mechi.

Nilikuwa bado nimebeba nguruwe.

Amekula vipande vitatu vya keki. Alikuwa na rangi nzuri usoni kuliko nilivyomkuta. Sielewi kilichotokea, ila naona kwamba faraja ile ilikuwa na kasoro mahali fulani.

Noreen ameuliza keki iko wapi. Nimemwambia imekwenda kwa mgonjwa.


Jumatano, 12 Machi

Mechi ya pili, Hallam Creek. Tumeshinda 3–0. Fehr hakupitisha kitu. Alicheza kama mtu anayefagia jikoni kwake. Walipiga kutoka kulia, kushoto, walimrukia, walimsukuma, mmoja alimmwagia maji kwenye barakoa. Hakuna. Mashabiki wao waliokuja na machujio wakamaliza mechi wakiwa wameyakalia.

Trudy akamhoji palepale pembeni ya barafu. Akamuuliza siri ni nini. Fehr akasema anamshukuru Mervin Halushka, aliyekuja kumwambia ukweli kama rafiki.

Basi zima limenipigia makofi kurudi nyumbani. Kocha Stenquist alinishika bega tena, machozi yakimlenga, akasema alikuwa amenihukumu vibaya. Nililazimika kutabasamu mwendo wote. Taya zinauma.

Nimemfufua mtu kwa mikono yangu mwenyewe.


Ijumaa, 14 Machi

Nimefikiri upya. Kama faraja imemjenga, sifa zitambomoa. Nimepita mgahawani, kanisani, benki, hata kwa kinyozi, nikiwaambia watu kwamba kesho Fehr hawezi kushindwa. Nimewahimiza wamwambie hivyo wenyewe, kila wanapomwona. Nimesaidia kuchora bango la kuvuka barabara kuu: FEHR, KOMBE NI LAKO.

Wamelipokea wazo kwa mikono miwili. Walewale wa chujio. Mzee Orest alimsimamisha Fehr katikati ya barabara, akamshika mkono na kumwambia alimwamini tangu mwanzo. Fehr alikwenda dukani kununua misumari na ilimchukua asubuhi nzima kutoka. Nilimwona kupitia dirisha la duka letu. Alisimama chini ya bango, akalisoma, akavua kofia, akaivaa tena.

Amerudi kuwa na uso wa kijivu. Nimelala mchana vizuri sana.


Jumamosi, 15 Machi

Sina hakika nitaweza kuandika haya kwa utaratibu. Nimekunywa kidogo. Nimebebwa mabegani.

Kabla ya mechi nilimfuata Fehr chooni. Alikuwa ameinama na anatapika, amejishikilia ukutani. Nikamshikia barakoa. Sikupanga kumshikia, alinipa tu. Maji yalikuwa yanatiririka na juu yetu dari ilikuwa inatetemeka kwa miguu ya watu wanaoimba jina lake. Akaosha mdomo, akasema bila kunitazama:

"Natamani siku moja wanione Januari, Merv. Siku moja tu. Hapo ndipo ninapodaka."

Nilitaka kumwambia kitu. Kisha Lozinski akagonga mlango akiuliza kama tumezaliwa humo.

Mechi. Fehr alikuwa mzuri ajabu. Tumbo tupu, uso wa majivu, na bado alikuwa kila mahali. Tuliongoza 3–1. Mimi nilikuwa nimetulia karibu na kilango, viatu vya barafu nimelegeza kamba, glovu moja nimevua kwa sababu ndani yake nilikuwa nimeficha mkate wenye soseji. Mechi ilikuwa imekaribia kwisha. Nahodha wa Hallam Creek akapiga kombora. Fehr akalidaka. Kila mtu alisikia mlio. Haukuwa mlio wa kisahani.

Vidole viwili vimevunjika. Alitaka kuendelea. Alikuwa anajaribu kurudisha glovu kwa meno. Daktari akakataa, Kocha akakataa, na kisha wote wakanigeukia mimi, na uwanja mzima ukanigeukia mimi, nami mdomo umejaa.

Niliingia barafuni na haradali kwenye kamba ya kidevu.

Kisahani cha kwanza kilitoka mbali. Kilikuja polepole kiasi kwamba ningeweza kusoma maandishi yake. Kikapita katikati ya miguu yangu kama mgeni anayejua njia. Cha pili nilikwenda kushoto, chenyewe kikaenda kulia. 3–3. Kimya cha uwanja kile sijawahi kukisikia hata kanisani. Nilijipa moyo kwamba mabao hayo kisheria ni ya Fehr, maana mechi aliianza yeye.

Muda wa nyongeza. Anayefunga kwanza amechukua kombe. Hallam Creek wakaja wote mbele yangu, gongo juu ya gongo, miguu, pumzi, mayowe. Nikasikia filimbi. Nashukuru, nikasema moyoni, mwamuzi amesimamisha. Nikageuka kuchukua chupa yangu ya maji iliyokuwa juu ya goli.

Haikuwa filimbi ya mwamuzi. Ilikuwa ya Mzee Orest, anayepiga mluzi kwa vidole.

Nilisikia kitu kimeniuma kwenye kalio kama farasi, kumbe ni kisahani kimenigonga kikaruka. Nikageuka na chupa mkononi. Mbele yangu hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wanakimbilia upande wa pili nyuma ya Lozinski, aliyekuwa na kisahani, peke yake, na golikipa wao ametoa macho. Akafunga.

Walinirundikia miili yao. Kuna aliyenibusu barakoa. Nilipopata mwanya wa kuchungulia nje ya rundo nilimwona Fehr amesimama kwenye ujia wa vyumba vya kuvalia, mkono umefungwa taulo, mkono mzima anaupiga kwenye paja. Alikuwa ananipigia makofi.


Jumapili, 16 Machi

Kalio jeusi kama bilinganya. Siwezi kukaa. Nimesoma gazeti nimesimama.

Picha ukurasa mzima: mimi, nimewapa mgongo wanaume wote wa Hallam Creek, naipandisha chupa ya maji kama mtu anayeitakia harusi heri. Juu yake neno moja: ALIJUA.

Trudy amefanya kipindi maalumu. Wataalamu wamepiga simu. Mmoja alisema huo unaitwa utulivu wa mchujo, na kwamba haufundishiki. Mwingine alisema mtu anayempa mpinzani mgongo katika wakati kama ule hana damu, ana maji ya barafu. Nikapiga mimi mwenyewe, kwa sauti yangu, nikakubaliana naye.

Mgahawani wamenilipia kahawa. Mzee Orest ameeleza kwamba siku zote alisema baridi ni baridi na Machi ni Machi. Mtu mmoja, mgeni nadhani, akauliza kuhusu Fehr. Si aliacha tunaongoza? Wakamtazama kwa huruma. Mzee Orest akamjibu kwamba mtu ambaye vidole vyake vinavunjika Machi amejijibu mwenyewe.

Hakuna aliyekumbuka mabao mawili yangu. Sikutaka kuwasumbua kwa takwimu.

Alasiri nimekwenda kwa Fehr. Amefungwa mabanzi. Mkewe Helga amenipa chakula nikala nimesimama. Fehr amenipongeza, na ubaya ni kwamba alimaanisha. Daktari anasema vidole vitapona kabla ya mavuno, ila golini harudi tena. Alisema hivyo kama mtu anayetua gunia. Nikahisi kama shimo kifuani. Nikaongeza sahani nyingine ya perogi, vile vipande vya unga vyenye viazi ndani, na shimo likaziba.


Jumamosi, 22 Machi

Msafara wa ushindi. Nimepandishwa juu ya gari la zimamoto, mbele kabisa, medali shingoni. Bango la Fehr wameligeuza nyuma na kuandika jina langu. Rangi ya zamani inaonekana kwa mbali ukijua pa kuangalia, kwa hiyo nimekuwa siangalii.

Picha yangu imetundikwa kwenye ukuta wa uwanja, ile ya chupa. Kocha Stenquist alifunua kitambaa kwa mikono miwili na kuomba dakika ya ukimya, kwa mazoea.

Gari liliposimama mbele ya benki, Anneliese Fehr akaja hadi chini ya miguu yangu. Baba yake alikuwa nyuma, anaongea na mtu. Binti ana macho ya baba yake, hayana haraka.

"Kisahani cha mwisho ulikiona?" akauliza.

Nikamwambia mchezaji mkubwa haoni kwa macho peke yake.

"Ulikuwa unakunywa maji."

"Nilikuwa nataka kunywa," nikamrekebisha. "Sikuwahi."

Akafikiri. "Baba yangu vyote alivyozuia vilimpiga mbele," akasema.

Nilimrushia peremende. Akaiokota, akampa mbwa wa mtu. Gari likaondoka na bendi ikaanza upya, nikapunga mkono upande wa pili, ambako watu walikuwa wengi zaidi.

Watoto siku hizi hawafundishwi mchezo.


Jumapili, 9 Novemba

Msimu mpya umefunguliwa jana. Mimi ni golikipa wa kwanza. Tumefungwa 11–2.

Narudia: ni Novemba. Barafu bado changa. Mabeki hawajakaa sawa. Na ni nani ameniambia nimwage kipaji changu sasa, wakati hakihesabiwi? Bao la nane niliachia kwa makusudi, kwa karibu makusudi. La tisa na la kumi yalikuja kabla sijamaliza kulitafakari la nane. Mtu jukwaani alipiga kelele neno linaloanza na ch. Nadhani alikuwa anaagiza chai.

Fehr alikuwepo, na mkewe na binti, wamejifunika blanketi moja, wanakula bisi. Amenenepa. Alicheka mara kadhaa, si kwa ubaya, kwa kitu alichosema binti yake. Namhurumia. Mtu aliyekuwa na wito, leo anakula bisi.

Kocha Stenquist ameniita asubuhi kwenye kile kiti laini. Kuna mwalimu mpya wa hisabati amehamia kutoka mji wa Regina, Harpreet Dhaliwal, mwanamke, amedaka chuo kikuu. Kocha akauliza, kwa sauti ya kuaga maiti, kama ningefikiria kumpisha kwa muda. Nikamuuliza kwenye mchujo amefungwa mangapi. Akasema hajui. Nikasema basi. Akanisogezea karatasi za machozi. Nimetoka nazo zote.

Nimekaa mchana kutwa nikitafuta tatizo, nimelipata. Tatizo ni mechi za baridi. Hazimpimi golikipa, mji mzima unasema hivyo, ila bado zinachezwa, na zinawachosha wachezaji wakubwa na kuwaharibia jina. Alhamisi kuna mkutano wa ligi. Nitapeleka hoja kwamba mechi zote za kabla ya Machi zifutwe, tuanzie mchujo moja kwa moja. Mzee Orest ameunga mkono. Amesema ni jambo ambalo amelifikiria miaka mingi.

Noreen ameuliza nitakuwa nafanya nini basi kuanzia Novemba hadi Machi. Nimemwambia golikipa wa mchujo huwa anapumzika. Akasema nipumzikie nje, theluji imeziba njia ya gari na yeye ana zamu kesho asubuhi.

Nimetoka. Nimeitazama theluji. Ni nyingi. Nimerudi ndani kuandika hoja ya pili: picha yangu isogezwe karibu na mlango wa kuingilia, wageni waione kabla mechi haijaanza.